Sipangi Nyumba Isiyo na Kaburi

Jumanne, 5 Agosti 2025. Arua.

Nimeamka na samaki shavuni. Si ndoto! Angara mzima, mkavu, ameteleza kutoka gunia la juu akanitua usoni. Hivi ndivyo anavyolala mwanachuo wa kesho: katika stoo ya Shangazi Zam, katikati ya samaki wakavu anaowauza sokoni. Jana chuoni, kwenye foleni ya usajili, binti aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanusa, akahamia foleni nyingine. Foleni ile ilikuwa ndefu zaidi.

Leo Shangazi ametoa amri. Mzigo mpya unakuja kutoka ziwani na stoo itajaa mpaka bati. Nipate chumba kabla masomo hayajafunguliwa tarehe kumi na nane. Nikamjibu kwamba sina wasiwasi, kodi ya muhula mzima ninayo mfukoni. Akaniambia nipunguze sauti.

Kodi hiyo ni Kanali. Kanali ni fahali. Baba alistaafu jeshini akiwa sajini, ndiyo maana fahali wake alimpa cheo hicho, alifurahia kumwamrisha. Amemuuza mnadani Koboko ili mimi nisome. Alinikabidhi pesa bila kucheka, akasema nichague: chumba salama, au Oraba. Oraba ni mpakani, kwa Baba Mdogo Sule, wakala wa forodha. Huko ningeshinda juani nikikimbiza karatasi za madereva wa malori yanayovuka kwenda Kaya, Sudan Kusini, na chuo ningekisikia kwa wenzangu. Oraba sitaki. Naandika tena: sitaki!

Jioni amekuja Lukumani. Tulisoma naye sekondari Koboko. Anasomea ualimu na tayari ana uso wa mkuu wa shule. Bila kuombwa akanifundisha jinsi ya kupanga chumba. Niende kwanza kwa mwenyekiti wa LC One, baraza la kijiji hicho, nimuulize nyumba ni ya nani. Nizungumze na wapangaji waliomo, niwaulize maji, wezi na tabia ya mwenye nyumba. Nijaribu mlango na kufuli. Nisitoe hata shilingi mpaka mwenyekiti awe amekaa pale, akishuhudia. Nilipiga miayo waziwazi. Njia gani hiyo ambayo hata Lukumani anaiweza? Mimi nitasomea maendeleo ya jamii. Nataka utafiti.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimevumbua!

Shangazi alinituma Adumi kumletea mihogo. Nikasubiri kwenye ua wa mzee mmoja. Mbele ya nyumba kuna kaburi la saruji, la baba yake, na mzee mwenyewe amekaa juu yake anamenya karanga, raha mustarehe. Swali likanijia: kwa nini hakuna anayemsumbua mtu huyu kuhusu ua wake? Nikamuuliza. Akashangaa hata swali lenyewe. Akaonyesha alipokalia, akasema baba iko hapa, nani atamtoa?

Nimefikiri njia nzima ya kurudi, mihogo mgongoni. Tapeli anaweza kuwa na ufunguo. Anaweza kuwa na suti, na hata hati yenye mhuri. Lakini huku kwetu nani amewahi kumzika baba yake kwenye ua wa mtu mwingine? Ukoo mzima ungeshuka na mapanga! Hivyo basi, mwenye nyumba wa kweli ni yule mwenye kaburi. Nimekiita Kipimo cha Kaburi. Nashangaa wasomi wamekaa miaka yote hii bila kukiona.

Shangazi nilipomweleza, alihesabu mihogo.

Alhamisi, 7 Agosti.

Jaribio la kwanza, Manibe. Mama mmoja mwenye sauti ya upole, chumba kizuri mno. Mlango wa chuma, nondo dirishani, kisima karibu, wapangaji wawili wanafua na kuimba. Mama akanipa kiti na maji ya kunywa, akaanza kunieleza taratibu za pale. Nikamkatiza kwa heshima. Nikamwomba kwanza anionyeshe kaburi la baba mkwe wake, na aniambie kama kuna mashahidi wa mazishi walio hai.

Tabasamu likaondoka. Akauliza nimetumwa na nani. Nikasema nimejituma. Akauliza kama ni shemeji zake, wale wanaokitaka kiwanja. Nikasema shemeji siwajui ila ningependa kuwajua, wangesaidia utafiti. Hapo akaita jina fulani kwa sauti ambayo haikuwa ya upole tena, na nyumba ya pili wakatoka wanaume watatu, mmoja na mchi wa kutwangia.

Nimepoteza kandambili moja. Lakini kipimo kimefanya kazi! Mtu asiye na la kuficha kwa nini akasirike akiulizwa habari za maiti wake? Chumba kile nimekikataa.

Ijumaa, 8 Agosti.

Baada ya swala nimekwenda kwa Hajati Kadijah, Mnubi, nyuma ya msikiti. Ua umefagiwa mpaka unang'aa. Yeye mwenyewe alikuwa mkekani anasuka kawa za rangi. Ana chumba kimoja kitupu, na mlinzi wa usiku, na geti linalofungwa saa nne. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani Koboko. Nilipomtaja Baba alifurahi, akasema familia za askari anazijua, akaagiza chai.

Nikaangaza macho. Kaburi hakuna. Nimezunguka nyuma, nikaona kuku na pipa tu. Nikarudi nikamuuliza, kwa sauti ya msiba, marehemu Haji amelazwa wapi.

Haji hajafa. Haji Tahiru alitokea chumbani na taulo begani na ndevu zimenyolewa upande mmoja, akauliza nani anamtafuta. Hajati aliacha kusuka. Akasema Waislamu wa mjini tunazikana makaburini, na mimi kama Muislamu si ninajua? Ninajua sana. Babu yangu mwenyewe yuko huko. Lakini kipimo kikianza kuwahurumia watu si kipimo tena.

Hajati akaniambia: "Weye kijana, iko kutafuta chumba ama iko kutafuta maiti?"

Chai nimeinywa. Ilikuwa na tangawizi nzuri. Chumba nimekikataa.

Jumapili, 10 Agosti.

Lukumani amepanga kwa Hajati. Amekuja kunieleza mwenyewe, anang'aa. Alikwenda na mwenyekiti, wakakaa, wakazungumza, wakamaliza. Hajati amempa na mkeka. Haji amemkaribisha wali. Nikamuuliza kama anajua kwamba nyumba ile haina kaburi hata moja. Akaniuliza kama nimekula leo.

Wivu? Hapana. Kidogo. Wali wenyewe alisema ulikuwa na pilipili manga.

Nimekwenda kibandani kwa mkaanga chapati kujipoza, nikaagiza roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili. Pale watu walikuwa wanalalamikia matapeli wa vyumba, jinsi wanafunzi wanavyolizwa kila muhula unapofunguliwa. Sikuweza kukaa kimya. Nikawaeleza Kipimo cha Kaburi, mwanzo mpaka mwisho, kwa mifano. Wengine walicheka. Mmoja hakucheka. Kijana nadhifu, miwani ya jua, jina lake Siraji, dalali wa nyumba. Alisikiliza kwa makini kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Akaniuliza maswali mazuri sana: kaburi liwe kubwa kiasi gani? Lazima liwe na msalaba? Saruji tupu inatosha? Nikamjibu kwamba saruji inatosha, si kila ukoo unapenda mapambo.

Akasema mtu mwenye akili kama mimi hajawahi kumwona Arua. Akaomba namba yangu ya simu, akanilipia roleksi. Ana uchu wa elimu kijana yule!

Jumatatu, 11 Agosti.

NIMEPATA! Nimepata, nimepata.

Siraji alipiga asubuhi. Kwa bahati ya ajabu amepata nyumba yenye sifa zangu zote, dakika chache kutoka chuoni kwa boda. Mwenye nyumba anaitwa Onzima, mtu mnene wa makamo aliyevaa koti kwenye jua hili. Chumba ni cha tatu katika safu ya vyumba vitano: saruji chini, dari, dirisha lenye nondo. Lakini hayo nimeyaangalia juujuu tu. Macho yalikuwa uani.

Lipo! Refu, pana, saruji nzito, limekaa nyuma ya vyumba kwa utulivu. Na juu yake mihogo imeanikwa. Hilo ndilo lililonimaliza. Tapeli angelipamba kwa maua. Watu wa kweli wa huku huanika mihogo juu ya kaburi la babu yao na hakuna anayeona ajabu.

Kitu kimoja kilinitatiza. Upande wa kichwani limechomoza bomba jembamba, limepinda juu. Mtafiti haachi jambo. Nikauliza. Siraji akakohoa. Onzima akainama kwa muda, kisha akaeleza kwamba marehemu baba yake alikuwa na pumu. Siku za mwisho aliwashika watoto mikono akawasihi wasimzibe kabisa. Ndipo wakamwekea bomba.

Sijawahi kusikia utiifu kama huo. Onzima alipoanza kulia, na mimi nikalia. Tumeshikana mabega, tukalia pale wote wawili, na Siraji akavua miwani. Kulikuwa na harufu kidogo, nikafikiri ni kawaida baada ya mvua.

Mpangaji wa chumba cha kwanza, mshonaji anayeitwa Candiru, alitoka kugeuza mihogo yake. Akasimama akitutazama. Akataka kuniambia jambo, nikainua mkono kumwomba aheshimu wakati ule. Onzima akaninong'oneza kwamba wapangaji hawajui historia ya familia.

Nimelipa. Muhula mzima, mkononi mwake, Kanali wote mpaka mkia. Akanipa ufunguo na kunikumbatia kama mtoto wake. Akasema ana safari ya haraka kwenda ng'ambo, Kaya, kwenye msiba mwingine. Maskini, misiba inamwandama.

Nimempigia Baba. Nimemwambia chumba ni salama, nimepima mwenyewe. Akasema vizuri, mwanangu. Baba hasemi maneno hayo ovyo. Nimekaa kitandani kwangu, yaani sakafuni kwangu, na furaha imenijaa mpaka kooni.

Jumanne, 12 Agosti.

Siku ya kwanza ya uhuru. Hakuna samaki!

Nimeona si adabu kukaa kwa mtu bila kumhudumia mzee wake. Nimenunua chokaa nikalipaka kaburi lote jeupe, nikang'oa majani pembeni, nikapanga mawe. Mihogo ya Candiru niliihamishia kwenye turubai kwa heshima zote. Kisha nikasimama wima, nikapiga saluti jinsi Baba anavyofanya kwenye mazishi ya wenzake. Nikamalizia kwa kuinama kwenye bomba na kujitambulisha: Yasiri, mtoto wa Sajini Isa, kutoka Koboko, nimekuja kusoma.

Nilipoinuka wapangaji wote walikuwa milangoni. Candiru alikuwa ameuma kanga. Akaniambia nikimaliza anaomba kuniuliza kitu. Nikamwambia kwa upole kwamba kwenye makaburi hatupigi soga, tutaongea siku nyingine. Akaingia ndani haraka, mabega yanatikisika. Nadhani imemgusa.

Siraji hapokei simu. Atakuwa anawatafutia wengine vyumba.

Alhamisi, 14 Agosti.

Sijui nianzie wapi. Nianze na lori.

Asubuhi nilikuwa napiga mswaki. Geti likafunguliwa, likaingia lori lenye tangi kubwa na mpira mnene uliozungushwa nyuma, linarudi kinyumenyume moja kwa moja kuelekea kaburini. Nikatupa mswaki! Nikajilaza juu ya saruji, mikono na miguu nimeitandaza, nikapiga kelele kwamba babu wa watu hapitiwi na gari nikiwa hai. Dereva akazima injini. Akauliza babu gani. Nikamwambia huyu hapa chini. Akatoa kichwa dirishani akawauliza wapangaji kama kuna mtu ameanguka ndani.

Ndipo akashuka mama mmoja kutoka kiti cha mbele, mrefu, kitambaa kichwani, mwendo wa kijeshi kabisa. Anaitwa Night Poni. Nyumba ni yake. Anaishi Koboko, na amekuja leo kwa sababu wapangaji wamempigia kwamba tangi la choo linakaribia kujaa.

Tangi la choo.

Naandika pole pole ili niamini. Nimelia juu ya tangi la choo. Nimelipaka chokaa. Nimelipigia saluti na kujitambulisha kwa bomba lake. Mtu wa lori akaingiza nondo pembeni, akainua mfuniko, na ukweli wote ukatufikia puani kwa pamoja.

Onzima si mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji wa chumba hichohicho, mama Night alimfukuza mwezi uliopita na ufunguo akaondoka nao. Candiru akasema tangu siku ya kwanza alitaka kuniambia, lakini walivyotuona tunalia pamoja walidhani mimi ni ndugu yake Onzima, labda tumefiwa kweli. Siku ya pili walidhani mitihani imenivuruga akili.

Nimekaa chini. Sitaficha humu: nimelia, safari hii kwa haki. Nilimwona Kanali machoni, anavyotembea jioni akirudi malishoni, na Baba nyuma yake anamwamrisha.

Mama Night akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikataja. Akashika kiuno. Marehemu mume wake, Lemi, alikuwa jeshini pamoja na Baba, kikosi kimoja! Akasema kama nyumbani kwetu wangeuliza tu, chumba angenipa kwa neno la mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akasema chumba nikae nacho. Kodi atazungumza na Baba, italipwa polepole, mtoto wa Isa halali njiani. Jambo moja tu: keshokutwa Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kwa mwenyekiti wa LC One, aniandikishe, majina ya wale wezi yapelekwe polisi, na kitasa kibadilishwe. Nisichelewe, maana wanafunzi wanaopiga simu ni wengi.

Nikambusu mkono. Nimeokoka! Oraba, kwaheri.

Ijumaa, 15 Agosti.

Sikupata raha kutwa. Chakula nimeacha nusu.

Swali: kwa nini mama Night ni mwema hivyo? Mtu humjui, unamkuta amelala juu ya tangi lako, na unampa chumba bila kodi? Onzima naye alikuwa mwema. Alinikumbatia! Na Onzima alilia, mama Night hata hajalia. Nani amethibitisha kwamba nyumba ni yake? Candiru na wapangaji. Lakini Onzima alinionya kwamba wapangaji hawajui historia ya familia.

Nimempigia Lukumani. Akasema kesho niende kwa mwenyekiti, mwenyekiti ataniambia nyumba ni ya nani, kazi imekwisha. Kila mara mwenyekiti, mwenyekiti! Nikamuuliza na mwenyekiti nani amempima. Akakata simu.

Kipimo changu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba kaburi halikuwa kaburi. Nikilipata kaburi la kweli la marehemu Lemi huko Koboko, nikahakikisha ni kaburi na si tangi, basi mama Night ni mjane wa kweli, ni mtu wa kweli, na chumba ni salama. Nitatoka alfajiri, saa tatu nitakuwa nimerudi. Ikizidi, saa nne. Atasubiri. Amesema mtoto wa Isa halali njiani.

Jumamosi, 16 Agosti. Koboko.

Gari la alfajiri lilijaa saa mbili. Nimefika Koboko mama Night akiwa ameshaketi kwa mwenyekiti Arua. Akapiga simu. Sikupokea, ningemwambia nini? Kwamba nakwenda kumpima mume wake?

Nyumba yao nimeelekezwa na kila niliyemuuliza. Wote walisema bila kusita: kwa mama Night, yule mwenye nyumba za kupanga Arua. Nikawashukuru nikaendelea na utafiti.

Kaburi lipo chini ya ukuta wa mashariki. Vigae vyeupe, jina, cheo, msalaba. Mtu mwingine angeridhika. Mimi sidanganyiki mara mbili. Bomba hakuna, nikazunguka kuhakikisha. Nikainama nikanusa. Hakuna kitu. Nikachukua jiwe nikagonga, nikaweka sikio, nikagonga tena upande wa miguuni. Tangi lina mlio mtupu. Hili lilijibu kwa mlio mzito, uliojaa. Sijawahi kufurahi hivyo! Nimecheka peke yangu, sikio likiwa kwenye vigae.

Nilipofungua macho niliona buti. Mwenye buti ni Kasimiro, mdogo wake marehemu. Akaniuliza nafanya nini juu ya kaka yake. Nikamweleza kisayansi. Nikaongeza kwamba ushahidi ungekamilika kama tungeinua kigae kimoja tu, pembeni, kidogo.

Wamenifunga kwa kamba ya mbuzi mpaka Baba alipokuja.

Baba alikuja na baiskeli, viatu vyake vya jeshi vimepigwa rangi. Hakunitazama. Aliketi na ukoo wa Lemi tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kugonga kaburi la mtu si mchezo. Ukoo unadai kutulizwa, na marehemu alikuwa rafiki yake. Mwisho wake wametoka na kupeana mikono. Amekwenda Kapteni, beberu wetu, kama fidia. Sasa nyumbani hakuna afisa hata mmoja.

Njiani Baba alisukuma baiskeli. Karibu na nyumbani akaniuliza, polepole, kwa nini nisingeuliza tu. Nikasema nilitaka kuwa na uhakika. Akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umechoka na mimi ndiye niliyeuchosha. Ningependa angenipiga.

Mama Night alisubiri kwa mwenyekiti mpaka saa sita. Kisha chumba akampa mwanafunzi mwingine, binti aliyefika na mwenyekiti wa kwao na kuzungumza vizuri na Candiru. Amemwambia Baba kwa simu kwamba hana kinyongo. Amesema hata mumewe angecheka.

Jumatatu, 18 Agosti. Oraba.

Masomo yamefunguliwa leo. Mimi niko kwenye benchi la Baba Mdogo Sule. Vumbi mpaka kwenye meno. Malori yamejipanga mpaka kilimani na kila dereva anasema yeye ndiye wa kwanza. Nimekimbiza karatasi tangu alfajiri. Baba amesema nitarudi chuoni mwakani, Kanali mwingine akipatikana.

Saa nne Lukumani amepiga simu akiwa nje ya ukumbi wa mihadhara. Nilisikia kelele za wanafunzi nyuma yake, viti vinaburutwa, mtu anacheka. Akasema ameniwekea nafasi upande wa dirishani, hakujua kwamba sitakuja. Nikasingizia kwamba lori linanisubiri, nikakata.

Baadaye nimetulia nikafikiri vizuri. Nani kati yetu ana uhakika? Mimi chumba changu nimekipima mpaka kwenye mlio wa saruji. Katika Arua yote hakuna chumba kilichothibitishwa kuwa salama kama kile, na aliyekithibitisha ni mimi. Na Lukumani? Ameuliza watu wawili watatu, akaingia, akafunga mlango, akalala. Hajagonga kitu. Hajanusa kitu.

Namhurumia sana.